Alama ya Piusi Tluway

Siku ya mnada wa Karatu, mwezi wa Agosti mwaka 1980, mtu mzima mwenye mke na watoto alisimamishwa juu ya kreti la bia mbele ya umati ambao nusu yake walikuwa wamelimia majembe aliyoyatengeneza yeye. Shingoni alifungwa kamba ya katani, na kwenye kamba hiyo kilining'inia kipande cha chuma cheusi. Mbele ya miguu yake liliwekwa fuvu la faru lisilo na pembe, bado lina nyama kando ya macho, na nzi wakitoka fuvuni kwenda midomoni mwa watu na kurudi.

Hakuwa amehukumiwa. Hakuwa hata amesomewa mashtaka. Lakini kipaza sauti kilitangaza tangu asubuhi kwamba wananchi waje wamtazame jangili wa Mbulumbulu. Walikuja. Wengine walimtazama tu, wengine walimtemea mate. Mama mmoja aliyekuwa na jembe begani, jembe ambalo mtu yule alilitia mpini na kulinoa bila malipo msimu uliopita, alitema mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza haikumtosha.

Piusi Tluway alisema maneno sita tu siku ile nzima. Aliyarudia kila alipoulizwa: "Chuma ni changu. Faru si wangu."

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Thomasi Qamara, mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi wa Mazao ya tarafa yetu. Alikuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti kati ya tangazo na tangazo. Niliikumbuka njiti ile kwa miaka mingi. Naikumbuka hata sasa ninapoandika.

Mimi wakati huo nilikuwa katibu wa kijiji. Nilijua nani alikiunda chuma kile, kwa sababu gani, na kiliishia mikononi mwa nani. Ndiyo maana nimeona ni wajibu wangu kueleza Piusi alivyokuwa, kabla hajabaki katika vichwa vya watu kama mtu wa juu ya kreti.

Alizaliwa Mbulumbulu, akasoma hadi darasa la nne, kisha akafanya kazi ya kupaka grisi mashine katika shamba la ngano la mgeni mmoja upande wa Oldeani. Mgeni alipoondoka, Piusi alirudi nyumbani na sanduku la spana na ugonjwa mmoja usiotibika: hakuweza kukiona kitu kilichofungwa asitake kukifungua. Alikuwa mkulima wa ngano na maharage kama sisi sote. Ufundi ulikuwa mapenzi yake, kazi ya Jumapili baada ya misa na ya siku za mvua. Alifungua redio zetu, cherehani za wake zetu, na saa ya padre. Kwa mnyororo wa baiskeli aliunda mashine ya kupukuchua mahindi ambayo watoto waligombania kuizungusha.

Kila kitu kilichopita mikononi mwake alikigonga alama kwa patasi: mistari mitatu inayokutana, mfano wa unyayo wa kuku. Niliwahi kumwuliza maana yake.

"Haina maana, Katibu. Kikivunjika, mwenyewe ajue pa kukirudisha. Jembe lisilo na alama likivunjika, utamlaumu nani?"

"Kwa hiyo unataka ulaumiwe?"

"Nataka nirudishiwe nirekebishe."

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, kwa maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Sisi Wairaqw wa nyanda za juu tumelala nyumba moja na ng'ombe wetu tangu babu zetu. Watu upande mmoja, mifugo upande wa pili, na katikati nguzo chache. Wageni hutucheka. Wangekaa jirani na msitu wenye chui na fisi wasingecheka.

Mwezi wa Machi mwaka 1977, alfajiri, walinzi wa kamati waliwafyatulia risasi nyati waliokuwa katika mahindi nyuma ya nyumba ya Piusi. Walisimama hatua chache tu kutoka ukutani. Ng'ombe sita waliruka kwa pamoja ndani ya nyumba. Nguzo zikavunjika. Antonia, binti wa Piusi mwenye miaka tisa, alikanyagwa mguu wa kulia alipokuwa bado amejifunika blanketi. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Hospitali waliuunga, ukashika, lakini ukashika umepinda. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufika kisimani akawa wa mwisho, na ndoo yake haikujaa tena, kwa kuwa njiani ilikuwa ikimwagika.

Bwana mifugo alikuja kutoa ushauri. "Ng'ombe walale nje," alisema. "Ndiyo maendeleo."

"Nje waliwe na fisi, halafu tunywe hayo maendeleo?" Evarista, mke wa Piusi, alimjibu huku akiendelea kuchambua maharage.

Walinzi waliombwa wasifyatue karibu na nyumba. Walisema nyati hawachagui mahali. Hapo ndipo Piusi alipoanza kufikiri kwa namna yake. Trekta lililotobolewa eksozi hunguruma kijiji kizima. Likizibwa, hukoroma tu. Kwa nini bunduki isikorome?

Aliponieleza kwamba anataka kuunda kiwambo, chombo cha kuzuia sauti mdomoni mwa bunduki, nilimpinga. Sifichi hilo. Kitu kile kilinichukiza tangu siku ya kwanza na kinanichukiza leo.

"Ndugu Piusi, bunduki isiyosikika ni ya nani?"

"Ya mtu mwenye ng'ombe ndani."

"Na ya mwizi."

"Mwizi atakipata wapi? Kikikamilika tunakipeleka serikalini. Hakitakaa kwangu hata wiki."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliamini kwamba kitu kikifika serikalini kimefika mahali salama, kama sisi wengine tunavyoamini juu ya sakramenti.

Jinsi alivyokiunda sitaeleza, wala asitafute mtu yeyote kujifunza hapa. Nitasema tu kwamba ilimchukua mwaka mzima, na kwamba alikijaribu kwa bunduki ya kijiji, kwa kibali cha kamati nilichokiandika mimi mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakitazama. Jaribio la kwanza kiwambo kilichomoka, kikaruka hadi mzinga uliokuwa juu ya mti wa jirani. Nyuki walishuka. Piusi alikimbia hadi ndani ya josho la ng'ombe.

"Bunduki imenyamaza kweli," Evarista alipaza sauti kutoka mlangoni, akicheka hadi akashika mbavu. "Sasa anayepiga kelele ni fundi!"

Kwa muda wa mwezi mzima, kila alipopita njiani, wanawake walimwigizia nyuki.

Jaribio la mwisho lilifanyika saa kumi jioni, mwezi wa Mei mwaka 1978. Aliwaingiza ng'ombe ndani, akamketisha Antonia mlangoni awatazame, kisha akaenda nyuma ya nyumba, pale pale waliposimama walinzi. Mlio haukufa. Ulisikika kama mtu aliyefunga mlango wa gari kwa hasira ng'ambo ya korongo. Tulisubiri. Antonia alitoka akichechemea, uso umemjaa mwanga.

"Baba, hakuna aliyesimama! Yule mwekundu aliinua kichwa tu, kisha akaendelea kucheua!"

Piusi aliketi chini kwenye majani, bunduki mapajani, akafuta uso kwa kiganja. Jioni ile alikigonga chuma kile alama ya unyayo wa kuku, kama alivyogonga kila kitu.

Mwaka ule vijiji vilitakiwa kuleta ubunifu wa wananchi kwa maonyesho ya Sabasaba. Piusi alileta viwili: mashine ya kupukuchua na kiwambo. Alivileta ofisini kwangu vimefungwa katika shuka safi ya Evarista. Niliandika barua, nikaingiza vitu vyote viwili katika daftari la mapokezi, na Thomasi Qamara, kwa kuwa chombo kilihusu bunduki, alikuja kukipokea yeye binafsi na kutia sahihi.

Alikipima uzito kiganjani. "Kweli hakisikiki?"

"Kinasikika, Ndugu Mwenyekiti. Ila ng'ombe hawashtuki."

"Ng'ombe hawashtuki!" Qamara alicheka hadi machozi yakamtoka. "Na hii alama ya nini?"

"Kikiharibika, wajue pa kukirudisha."

"Hakitaharibika, Ndugu Piusi. Tutakitunza."

Mashine ya kupukuchua ilionyeshwa, ikapata cheti. Kiwambo hakikuonekana. Piusi aliuliza. Aliambiwa kinachunguzwa na wataalamu. Baadaye vita vya Kagera vikaanza, akaambiwa mambo ya silaha hayazungumzwi wakati wa vita. Vita vikaisha, akaambiwa asiwe mtu wa kudai sifa. Hakudai sifa. Alitaka walinzi wapewe kiwambo kile, kwa maana walikuwa wakiendelea kufyatua nyuma ya nyumba za watu, na kila walipofyatua Antonia alijikunja juu ya kitanda akiushika mguu.

Mwezi wa Julai mwaka 1980 mchungaji wa Kimasai aliufuata mzunguko wa tai hadi kando ya msitu, chini kidogo ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Alikuta faru jike. Nilikuwa miongoni mwa watu waliotumwa kushuhudia. Kabla ya kuuona mzoga tuliusikia: nzi waliunguruma kama kinu cha kusaga. Tumbo lilikuwa limepasuka lenyewe. Pembe zilikatwa kwa shoka kwa pupa, pamoja na nusu ya uso, na katika tundu lile funza walikuwa wakichemka kama uji. Mnyama wa uzito ule, wa miaka ile, aliachwa aoze kwa ajili ya vitu viwili vinavyoingia katika gunia moja. Nilitapika juu ya viatu vyangu na sikuona aibu.

Walinzi wa wanyamapori wa kituo cha karibu walisema hawakusikia mlio wowote. Kisha mtu mmoja akaokota katika majani kiwambo cha Piusi, kimepasuka.

Qamara alikipokea kwa leso. Alikigeuza, akakisogeza machoni, akasoma kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza maishani. "Unyayo wa kuku," alisema. "Huyu si yule fundi wa Mbulumbulu?"

"Ndugu Mwenyekiti," nilimwambia, "wewe ndiye uliyekipokea. Mbele yangu."

Alinitazama kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma! "Katibu, jua limekuchoma. Nenda ukakae kivulini."

Nilirudi mbio ofisini. Nilifungua daftari la mapokezi. Baada ya ukurasa wa Mei mwaka 1978 ulifuata ukurasa wa Agosti. Ule wa katikati haukuchanwa. Ulikatwa kwa wembe, taratibu, karibu kabisa na uzi, na mtu aliyekuwa na muda. Hapo nikakumbuka kwamba wiki tatu kabla, Qamara aliliomba daftari kwa ukaguzi wa kamati, akakaa nalo siku mbili. Nilimpa kwa mkono wangu huu. Sikuomba stakabadhi, kwa kuwa sisi watu wa vijijini humwomba stakabadhi mtu wa chini tu. Wa juu tunaona haya.

Mahakamani upande wa mashtaka ulikuwa na chuma na alama. Nilisimama kizimbani nikaeleza yote. Kisha nikauliza, ingawa shahidi hatakiwi kuuliza: "Mheshimiwa, ni mwizi gani anayegonga muhuri wake juu ya chombo cha wizi, kisha akakiacha kando ya mzoga?"

Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka. "Shahidi, una karatasi au una maneno?"

Nilikuwa na maneno. Piusi alipewa miaka saba. Evarista alikuwa ameketi benchi la nyuma na Antonia. Aliposikia hukumu alivua kanga ya mabega, akamfunika binti yake kichwa kizima, ili asimwone baba yake akifungwa pingu.

Niliandika barua. Niliandika wilayani, niliandika mkoani, niliandika chamani. Majibu mawili yalikuja, yote yakinishukuru kwa moyo wangu wa uzalendo. Baadaye nikaondolewa ukatibu kwa sababu ya uzembe katika utunzaji wa kumbukumbu. Yaani ukurasa alioukata mwingine uliandikwa katika hesabu ya makosa yangu.

Miaka sita ilipita ndipo Haji alipofungua kinywa. Haji ni mwenye duka la rejareja pale Karatu mjini, mtu mpole, mcha Mungu, hajawahi kumpunja mtu kipimo. Mwaka jana, 1986, nilikwenda kununua mafuta ya taa. Alifunga nusu ya mlango, akasema bila kunitazama:

"Katibu, nina jambo linanikaba."

"Sema, Haji."

"Wiki ile kabla ya faru kuonekana, Qamara alisimamisha Landrova hapa. Bunduki iko kiti cha mbele, chuma kile kiko mdomoni mwa bunduki. Nikamtania, nikamwambia bwana mkubwa, hilo bomba la nini? Akasema, hiki ni kitoto cha Piusi, hakilii. Siku nne baadaye akarudi kuomba magunia. Gunia moja tayari lilikuwa na kitu. Aliliweka juu ya meza yangu hii. Likavuja."

"Likavuja nini?"

"Maji ya nyama. Nzi wakaingia hadi kwenye sukari. Nilifuta meza kwa kipande cha mwisho cha sabuni, na unakumbuka sabuni mwaka ule ilivyokuwa haionekani. Nimefuta meza hii miaka sita, Katibu. Harufu haitoki."

"Na ulimwona Piusi juu ya kreti."

"Nilimwona. Nilikuwa na watoto sita na leseni moja."

Sikumtukana. Lakini sikununua mafuta ya taa kwake siku ile, wala sijanunua tena.

Piusi ametoka. Alipunguziwa muda kwa tabia njema, wanavyosema wenyewe, kana kwamba tabia njema ni kitu alichojifunzia gerezani. Amerudi amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na anakohoa. Antonia sasa ni msichana wa miaka kumi na tisa; mara mbili wachumba wametuma washenga, na mara mbili washenga wamerudi waliposikia yeye ni binti wa nani. Ng'ombe wao bado wanalala ndani. Walinzi wa kamati bado wanafyatua nyuma ya nyumba.

Watu wameanza tena kumpelekea majembe. Ndiyo, wale wale. Yule mama aliyetema mate mara mbili alikuja wiki iliyopita na jembe lililolegea mpini. Piusi alilipokea, akalitengeneza vizuri, akamrudishia. Mama aligeuza chuma huku na huku akitafuta kitu.

"Mbona hukugonga alama, Baba Antonia?"

"Sigongi tena, mama."

"Sasa likivunjika nitajuaje ni lako?"

"Ndiyo maana," Piusi alimjibu, akarudi kuzungusha jiwe la kunolea.

Nilikuwepo. Niliona kwamba hilo ndilo waliloliua, wakaliacha likioza pembeni kama yule faru: mtu aliyetaka kulaumiwa kwa kazi yake ili airekebishe, leo anaficha mikono yake katika kazi yake mwenyewe.

Thomasi Qamara, bado wewe ni mwenyekiti. Bado unaketi benchi la kwanza kanisani na kupokea ekaristi kwa ulimi ule ule uliomwita mwenzako jangili. Nakutaka uje mnadani mwezi huu, siku ile ile, mahali pale pale. Kreti nitalileta mimi. Panda juu yake, ushike kipaza sauti kile kile, useme ulikipokea kiwambo kutoka kwa nani, mwaka gani, mbele ya nani, na ulimpa nani pembe zilizovuja juu ya meza ya Haji. Ukurasa ulioukata kama bado unao, uje nao.

Haji, nakutaka usimame kando yake. Watoto wako wamekua. Leseni haina tena wa kumlisha ila woga wako.

Na ninyi mlioketi kuhukumu, lifungueni jalada la Piusi Tluway. Msiniulize tena kama nina karatasi. Mwulizeni aliyekuwa na wembe. Kisha mfuteni mtu huyu hatia kwa sauti, mchana, mnadani, mbele ya wote waliomtemea mate, ili Jumatatu itakayofuata aweze kuchukua patasi yake na kugonga alama yake juu ya jembe bila kuogopa.